Mkono Aliopewa Emery

Mama alimpa Emery mkono, na moyo wa Mwende ukashuka hadi kwenye soli za viatu.

Hakuutoa kwa ncha za vidole. Aliutikisa mkono wa Emery mara tatu, kwa nguvu, kama mtu anayemsalimu fundi wa bomba, palepale kando ya barabara ya Joubert Park, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya wikendi ile ndefu ya Septemba. Kisha akamkabidhi mkoba wake.

"Wewe ndiye Emery? Haya, nishikie huu. Una chupa ya uji ndani, usiulaze."

"Ndiyo, Mama. Aksanti, Mama," Emery alisema, akaukumbatia mkoba kama aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole virefu vya fundi cherehani na tabasamu la kuanzia jicho la kushoto. Tabasamu hilo ndilo lililomrudisha Mwende dukani kwake mara nne kwa zipu moja ya sketi, mwaka uliopita, mpaka Emery akamwambia, "Dada, hii zipu imepona zamani. Sema ukweli, nani anaumwa?"

Asubuhi hii alitabasamu vilevile, akamkonyeza Mwende juu ya kichwa cha mama yake. *Umeona?* jicho lilisema. *Amenipenda.*

Mwende akamtazama kaka yake Roy kwenye usukani. Roy akageuza uso, akajifanya anaangalia robot, taa za barabarani zilizokuwa mbali na wala hazikumhusu. Wote wawili walikuwa wamelelewa Kitui. Walijua.

Kwa Mkamba anayeshika mila, na Mama alizishika kama alivyozishika taulo za wodi alipokuwa mkunga, mwanamke hampi mkono mwanamume atakayemwoa binti yake. Hali naye sahani moja. Akimwona njiani anapinda. Akiwa na neno naye, hulipitisha kwa mtu mwingine. Hakai naye chini ya paa moja, sembuse kulala. Hayo huitwa nthoni, haya ya wakwe, na huanza siku mama anapomkubali kijana moyoni, hata kabla mbuzi wa mahari hajafungwa kamba. Umbali ndio heshima yenyewe. Anayepewa mkono kwa furaha ni muuza gesi, ni dereva wa mchungaji, ni kijana wa jirani aliyekuja kuazima ngazi.

Mama alikuwa amelijibu swali kabla halijaulizwa.

Na swali lilikuwa moja tu. Emery alitaka watu wake waende Kitui Desemba, na mbuzi, na maneno. Mama alikuwa amekaa Johannesburg wiki tatu nyumbani kwa Roy kule Kensington, akikataa kumwona Emery hata kwa picha. Safari hii alikubali kwa sababu, alivyosema, wajukuu walitaka kuona farasi. Jumanne angepanda ndege arudi. Mwende alikuwa na miaka thelathini na mmoja, kazi nzuri benki, na kiapo alichojiwekea siku walipomzika baba: hataolewa kwa kumruka mama yake. Kama Mama atasema hapana, basi ni hapana, na atalia, na ataendelea kwenda kazini.

"Mnangoja nini?" Mama aliuliza kutoka ndani ya gari. "Emery, kaa hapa karibu nami. Nina maswali."

Emery akaingia haraka. Nyuma yake akaja shangazi yake, Tantine Léocadie, mwanamke mnene wa Bukavu mwenye sauti ya kuamsha ghorofa nzima, akiwa na sufuria tatu na furushi la sombe, kisamvu cha kwao. Moraa, mke wa Roy, akawabana watoto wawili nyuma kabisa. Hivyo ndivyo walivyoondoka, magoti na sufuria, wakavuka mto Vaal jua likianza kuchoma, na njia nzima Mwende alisikia bega la Emery likigongana na la mama yake, na kila kicheko chao kilimchoma.

*

Sherehe waliyokuwa wakiiendea, ya mbio za farasi, ilikuwa kwenye uwanda wa majani makavu, nje ya kijiji kimoja cha mashamba, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka mjini. Kila mwaka Wasotho wa pande zile huleta farasi wao, na familia hupiga mahema kuzunguka njia ya mbio, huchoma nyama, hujifunga mablanketi yao mazito hata joto likizidi, na kubishana kuhusu farasi kama watu wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Emery alikuwa amepewa nafasi ya hema bure. Ntate Mokete, mzee mwenye farasi kumi na wawili, aliagiza kwake mashati ya wapanda farasi wake wote, ya manjano yenye mikono ya buluu na namba mgongoni, na alipoyapenda akamwambia, njoo na watu wako.

Jioni hiyo Emery alimkuta Mwende kwenye tangi la maji, akijaza ndoo polepole kuliko bomba lilivyotaka.

"Bon. Nimemaliza kazi," alisema. "Mama yako nimemuweka mfukoni. Amenipa mkono. Ametia mkono kwenye sahani yangu, akachukua paja la kuku. Mwende, paja. Mutu hachukui paja la mutu asiyemupenda."

Mwende alifunga bomba. Alikuwa ameazimia kunyamaza mpaka Jumanne, lakini alikuwa na kinywa cha mama yake.

"Amekukataa, Emery."

Alimweleza yote, wima, bila kupaka asali. Emery alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza cherehani yenye kasoro.

"Ngoja. Akinipenda, atanikimbia?"

"Ndiyo."

"Na akinichukia?"

"Hakuchukii. Hajakuchukulia kuwa mtu wa kuogopewa. Wewe kwake ni kijana mzuri tu aliyebeba mkoba."

"Eish." Alikaa ukingoni mwa saruji ya tangi. "Kwetu mama mukwe akikukimbia, watu wanauliza umeiba nini. Mi nimecheka na yeye saa mbili na nusu, Mwende. Nimemuimbia."

"Nilisikia."

"Na yeye alikuwa anapiga makofi, kumbe ananizika."

Mwende alitaka kulia lakini akacheka, na Emery naye akacheka, kisha kicheko kikawaishia kwa wakati mmoja. Emery aliushika mkono wa Mwende uliolowa. Vidole vyake vilikuwa na vidonda vidogo vya sindano, na Mwende alivijua vyote, kimoja kimoja.

"Nifanye nini?" aliuliza taratibu. "Nijifiche? Nipite mbali?"

"Ukijificha atajua nimekufundisha. Si wewe wa kukimbia. Ni yeye."

"Basi nitabaki hivi nilivyo." Alimtazama macho kwa macho, bila tabasamu safari hii. "Lakini Jumanne akisema hapana, niambie wewe mwenyewe. Usimutume Roy. Niangalie hivi hivi uniambie."

 Mwende alibeba ndoo, ikamwagikia miguuni njia yote.

Kambini mambo yalizidi kuharibika. Hema dogo la Emery alipewa Tantine Léocadie na sufuria zake. Emery akaambiwa alale kwenye hema kubwa la familia, upande wa Roy, pazia tu katikati. Mwende alisubiri Mama apinge. Mama aliweka mto, akalala, akakoroma mpaka alfajiri, kwa amani ya mwanamke asiye na mkwe hata mmoja karibu yake.

*

Jumapili baada ya ibada fupi ya kwenye majani, Ntate Mokete alikuja kambini na karani wa mbio, na uso wake haukuwa wa ibada. Mikononi alikuwa na mashati manne.

"Mtoto wangu, hii ni namba gani?"

"Moja, Ntate," Emery alisema.

"Na hii?"

"Kumi na moja."

Karani akatikisa kichwa. "Mimi naona saba. Na saba mbili. Nikiwa kule kwenye mstari, farasi wakipita kwa vumbi, naona saba kila mahali. Na saba yenyewe mmeichora na fimbo tumboni, sijui ni nini hiyo. Mbio ni saa nane. Farasi asiye na namba ya kusomeka hakimbii."

Roy aliinua shati moja, akalitazama. Kweli. Kila tarakimu ya moja ilikuwa na pua ndefu inayoshuka kutoka juu, namna wanavyoandika watoto wa shule za masista kule Kongo. Huku kusini, pua ile ni saba kamili. Tarakimu hizo za moja, tano kwa jumla, zilikuwa zimetawanyika kwenye mashati ya moja, kumi, kumi na moja na kumi na mbili.

Tantine Léocadie alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu Joubert Park, hakusema kitu.

"Nani alikata namba hizi?" Ntate Mokete aliuliza.

"Mimi," Emery alisema. "Kosa ni langu, Ntate. Nipe saa tatu."

Alitandika blanketi kivulini mwa gari, akafungua kikopo chake cha sindano, akaanza kufumua. Hakulalamika, hakumtazama mtu. Mashati manne, moja tano, mkono mtupu bila cherehani. Mwende alichukua wembe ili amsaidie, lakini Mama alimtangulia. Alikunja leso yake, akakaa chini kwenye blanketi lilelile, goti kwa goti na Emery, akavaa miwani.

"Lete hapa. Nimeshona watu, sembuse nguo."

Moraa alimkanyaga Mwende mguu. "Wifi," alinong'ona, "ona anavyokaa. Mama yangu Kisii angekuwa ameshapanda mti."

"Najua, Moraa. Ninaona."

"Nasema tu."

"Usiseme."

Mama alifumua uzi kwa kasi ya mtu aliyefanya kazi na mikono maisha yote. Baada ya muda aliuliza, bila kuinua macho, "Kwa hiyo wewe ndiye ulikata."

"Ndiyo, Mama."

"Na shuleni ulifundishwa kuandika hivi."

"Ndiyo."

"Mm," Mama alisema.

Miaka thelathini na miwili kwenye korido ya wodi ya wazazi ilikuwa imemfundisha Mama jambo moja zaidi ya kupokea watoto. Ilimfundisha kusikiliza wanaume wakijibu maswali.

Saa sita alisimama, akanyoosha mgongo, akaenda kwenye moto. Mwende alikuwa anasonga ugali, na Tantine Léocadie alikuwa anaugeuza mchicha ambao ulikuwa umeshaiva zamani.

"Mama Emery," Mama alisema, "niandikie namba yako ya simu. Nikifika Kitui nikupigie nikuulize hii sombe."

Tantine Léocadie akaifurahia heshima hiyo. Alichukua kijiti cha mkaa, akaandika juu ya boksi la nyanya. Namba yake ilikuwa na moja tatu. Zote zilikuwa na pua ndefu.

Mama akalisogeza boksi karibu na miwani. Mwende aliacha kusonga.

"Na yeye anaandikaje moja?" Mama aliuliza.

"Nani?"

"Kijana wako. Nimeona kitabu chake cha vipimo kikoponi. Moja yake ni mstari tu, kama fimbo, kama ya watu wa hapa. Wewe ndiye ulikata."

Tantine Léocadie aliweka mwiko chini. Alijifuta uso kwa kitenge, na uso ukazidi kulowa.

"Mama Roy, nitakuambia ukweli. Yeye alikuwa amechoka, mi nikamwambia lala, namba nitakata. Asubuhi akashona bila kuangalia sana, maana ni mi nilikata. Leo nilitaka kusema kwa yule muzee. Emery akaniangalia tu hivi, nikajua, nikae kimya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kuna wanawake watatu wa kwa Ntate Mokete wanataka niwashonee nguo za harusi. Wakijua ni mi niliharibu, nitazipata wapi? Njo vile alivyo. Akiwa na miaka tisa nilivunja sahani ya bosi wangu, akasema ni yeye. Nikamupiga kwa uongo. Na kesho yake akasema tena."

Mama alivuta kigoda akakaa. Mwende aliujua mkao ule. Ni mkao wa kupokea historia ya mgonjwa.

"Sasa nijibu upesi, na usinifiche, maana kwenu siwezi kufika nikaulize majirani. Kwenu kuna wazimu?"

"Hakuna. Kuna babu mumoja aliongea na bata, lakini alikuwa tu mupweke."

"Wanaume wanaopiga wake zao?"

"Mukubwa wa baba yake. Dada zake wakamufungia inje siku tatu, akaacha."

"Pombe?"

"Baba yake alikunywa. Lakini alikuwa mulevi wa kuimba, si wa kuvunja."

"Watoto mahali?"

"Wa Emery? Mama Roy, huyo ni mutu wa kazi na kanisa. Mi mwenyewe nilianza kuogopa, nikamwuliza, mutoto wangu, unataka kuwa padri? Akasema hapana, nangoja zipu."

"Zipu?"

"Sijui. Nilifikiri ana homa."

Mwende aliinamia sufuria mpaka mvuke ukamchoma shavu. Mama alimtupia jicho moja, la haraka, kisha akasimama, akapangusa majani kwenye sketi.

"Ugali unaungua," alisema, na akaondoka.

*

Saa nane kasoro robo mashati yalikuwa tayari. Namba moja zilisimama wima kama nguzo za stima, na hata karani alipiga mluzi. Emery hakuwa amekula. Vidole viwili vilikuwa vinatoa damu kidogo, akavifunga kitambaa, akakimbia na wenzake kwenye kamba.

Kama hujawahi kusimama mita mbili kutoka kwenye farasi kumi na tisa wanaokimbia, huwezi kujua. Ardhi hupiga kwanza, kisha sauti hufuata. Wanawake waliovaa mablanketi walirusha mikono, wazee walipiga miluzi, watoto wa Roy walipanda mabegani mwa baba yao wote wawili, na manjano ya Emery yakatokea kwenye kona, moja, tatu, tano, yakiwaka ndani ya vumbi. Farasi mmoja mwekundu mwenye mguu mweupe alijitoa pembeni, akanyoosha shingo, akampita wa mbele kwa kichwa tu.

"Kumi na moja," karani alitangaza kwa kipaza sauti, na hakusita hata kidogo. "Kumi na moja, wa Ntate Mokete."

Kelele zilizopigwa pale zingeweza kusikika Lesotho. Ntate Mokete alimnyanyua Emery kutoka chini, mzee wa miaka sabini, akamzungusha. Roy akamkumbatia. Moraa akamkumbatia. Tantine Léocadie alikuwa anacheza peke yake, macho yamefumbwa, mwiko ungali mkononi. Emery alimfikia Mwende akasimama, maana mbele za watu hawakuwa wanashikana, lakini alimtazama kwa namna iliyomfanya Mwende ashike kamba ya uzio.

Kisha akamgeukia Mama, jasho likimtiririka, tabasamu limefungua uso mzima, akanyoosha mkono.

Mama alirudi nyuma hatua moja.

Aliweka mikono yote miwili mgongoni. Akavuta leso kichwani, akageuza bega, akatazama farasi ambao tayari walikuwa wameshapita.

"Nina mafuta mikononi," aliuambia uzio.

Mkono wa Emery ulibaki hewani, kisha ukashuka. Tabasamu nalo likashuka. "Pole, Mama," alisema kwa sauti ndogo, akaondoka kwenda kuwasaidia watu wa farasi.

Mwende alitazama mikono ya mama yake mgongoni. Ilikuwa mikavu na misafi kama ya daktari. Kifuani mwake kitu kiliruka, akakikalisha chini. Labda Mama amechoka. Labda ni jua. Mtu hawezi kujenga nyumba juu ya leso moja iliyovutwa kichwani.

Alitaka kumfuata Emery amwambie, lakini wingu lililokuwa limekaa upande wa magharibi tangu mchana halikumpa nafasi. Upepo ulikuja kwanza, ukazoa sahani. Kisha tone moja zito, kisha mawe. Mvua ya mawe ya nyanda zile haibishi hodi, hupasua paa na vioo vya magari. Watu walikimbia kila upande wakiwa wamefunika vichwa kwa viti. Hema dogo la Tantine liliinuka lote kama kofia, likaondoka.

"Hema kubwa," Roy alipaza sauti. "Wote, hema kubwa."

Waliingia wakisukumana, watoto, sufuria, Tantine, majirani wawili wasiojulikana, na Emery wa mwisho, mgongo umelowa, akiwa amemfunika mtoto wa Moraa kwa koti lake. Mwende aliliinua pazia la mlango ili Mama apite.

Mama alifika mlangoni, akachungulia. Alimwona Emery kwenye kona, ameinama chini ya turubai. Akasimama palepale, mawe yakimpiga mabegani.

"Ingia, Mama," Roy alisema.

"Siingii."

"Mama, ni mawe haya."

"Nimeyaona. Sina upofu. Siingii humo."

Akageuka, akajifunika leso kichwa kizima, akatembea kwenye mvua ile kwa mwendo wake wa kawaida, si wa haraka, hadi kwenye gari la Roy. Akafungua mlango, akaingia, akafunga. Walimwona kupitia kioo, ameketi wima, mikono mapajani, kama mgeni wa heshima anayesubiri chai.

 Emery alikuwa amekuwa kijivu.

"Ni mi," alisema. "Anakimbia mi. Mwende, nimemukosea nini? Asubuhi tulikuwa tunashona pamoja. Jana amelala hapa, nilimusikia anakoroma."

Moraa ndiye aliyeanza. Alijaribu kuziba mdomo kwa mkono, kicheko kikapita kwenye vidole. Roy akaketi juu ya kasha la barafu na kusema, "Mungu wangu, amekubali," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona gari likipaa.

 Machozi yalikuwa yanamtoka Mwende na alikuwa anacheka, na hakujua kipi kifutwe kwanza.

Lakini Emery hakuwa anawatazama. Alikuwa ameshashika mwavuli. Kabla mtu hajamzuia, alitoka mbio kwenye mawe kuelekea kwenye gari, akiunyoosha mwavuli mbele kama anayepeleka sadaka. Mama alimwona anakuja. Alijifunika uso kwa leso, akalala upande juu ya kiti, akapunga mkono mmoja kwa nguvu, namna ya kufukuza kuku: kule, kule, rudi kule.

Emery akasimama katikati ya uwanja, mwavuli umepinduka, mawe yakimpiga kichwani.

Mwende alimfikia, akamshika mkono wa shati uliolowa. Ilibidi asogeze mdomo hadi sikioni mwake ili asikike. "Emery. Anakukimbia. Unaelewa? Tangu adhuhuri anakukimbia."

Alimtazama. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kope. Polepole sana, kuanzia jicho la kushoto, uso wake ulianza kuelewa.

"Hata mkono? Hatanipa tena?"

"Hatakupa tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wenu afe."

Emery aliutupa mwavuli. Alicheka kichwa kimeinuka, mdomo wazi, mpaka jiwe likamwingia, akalitema, akacheka tena. Angemkumbatia Mwende pale pale, na Mwende angemwacha, kama kioo cha gari kisingeshuka kwa upana wa vidole viwili.

"Mwende," Mama aliita.

"Naam, Mama."

Kupitia ufa ule ilionekana leso tu, na chini yake ncha ya pua iliyoelekezwa kwingine.

"Mwambie huyo mtu arudi ndani, atapata nimonia. Mwambie Desemba kuna joto Kitui, waje mapema asubuhi. Na mwambie mbuzi wasiwe wa kununua barabarani, wakondefu, nitawarudisha na watakaowaleta."

Emery alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Alikuwa amesikia kila neno, na mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kujibu. Mwende akamwekea kidole midomoni. Kisha akageuka, akasimama mbele yake na mgongo kwa mama yake, na katikati ya mvua ile akamrudia maneno yote, moja baada ya jingine, tangu nimonia hadi mbuzi.